Kituo cha redio kinachopanda mlima



Yeyote aliyekaa karibu na misioni ya bara aijua "foni". Kwa miaka mingi, kila asubuhi, kwa saa iliyopatanwa, Padri au Sista aliketi mbele ya sanduku lile, akaita misioni za mbali, akapata habari za wagonjwa, za gari lililokwama njiani, za wageni watakaofika. Sauti ilivuka misitu na maziwa pasipo nguzo wala waya wa kuiongoza. Sababu yake ni kwamba mawimbi ya foni ni marefu, makumi ya mita kila moja, nayo hupanda mpaka tabaka za juu za anga zenye umeme, yakarudishwa chini mbali sana, kama mpira unaodunda ukutani. Basi watu wengi wamezoea kufikiri kwamba redio ndiyo hiyo: waya mrefu kati ya miti miwili, na kazi iliyobaki huifanya anga.

Juma hili twataka kuwaeleza redio ya namna nyingine. Ni kituo ambacho mtu mmoja aweza kukitengeneza mezani kwake, kukifunga katika masanduku machache, kukipandisha mlimani, na kusema na mwenzake aliye mbali kilomita mia mbili au zaidi, kwa nguvu iliyo ndogo kuliko ile ya tochi. Wanaokitengeneza si askari wala makampuni ya simu. Ni wapenda redio, watu wa kazi mbalimbali, waliofanya mtihani na kupewa ruhusa na serikali zao kurusha sauti hewani kwa ajili ya kujifunza, pasipo malipo. Kazi yao yafundisha jambo moja ambalo twapenda vijana walishike: katika mawimbi haya, mwenye kupima sawasawa humshinda mwenye nguvu nyingi.

Mawimbi madogo

Redio huhesabiwa kwa idadi ya mawimbi yapitayo kwa sekunde moja, na idadi hiyo huitwa masafa. Kadiri masafa yanavyozidi, wimbi lenyewe hupungua urefu. Msichanganye mawimbi madogo tunayoyasema leo na yale ya foni, ambayo kwa desturi huitwa mawimbi mafupi. Mawimbi mafupi hupimwa kwa mita. Mawimbi madogo hupimwa kwa sentimita: ndiyo yale ya parabola za televisheni, ya rada, na ya ngoma nyeupe zinazofungwa juu ya minara ya simu.

Tutachukua mfano wetu kwa wapenda redio wa Marekani. Wao wamezoea kufanya kazi katika mikanda hii: megahezi 1,296, ambapo wimbi moja lina sentimita 23, megahezi 2,304, sentimita 13, megahezi 3,456 (mpaka mwaka 2022), karibu sentimita 9, megahezi 5,760, sentimita 5 na kidogo, megahezi 10,368, karibu sentimita 3, na megahezi 24,192, ambapo wimbi halifiki sentimita moja na nusu.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1888, huko Karlsruhe katika Ujerumani, Heinrich Hertz aliyaelekeza mawimbi ya sentimita 66 hivi kwa vioo vya bati la zinki vilivyopindwa. Miaka saba baadaye, Jagadish Chandra Bose, mwana wa Bengali, aliwaonyesha watu wa Calcutta mawimbi ya milimita tu. Nasi Wakatoliki tuna sababu ya kulikumbuka jina la Guglielmo Marconi. Ndiye aliyeijenga Radio Vatikano, iliyofunguliwa tarehe 12 Februari 1931. Na mwaka 1933 aliiunganisha Vatikano na Castel Gandolfo, makao ya Baba Mtakatifu ya wakati wa joto, kwa simu ya mawimbi ya sentimita 60 hivi. Papa Pius XI mwenyewe aliizindua. Kitu ambacho siku zile kilikuwa ajabu ya Papa na ya mtaalamu mkubwa, leo fundi wa kawaida akibeba katika gari lake.

Hesabu ya akiba

Katika kaskazini-mashariki ya Marekani iko milima miwili inayofaa kwa mfano wetu. Mount Greylock, mrefu kuliko yote ya jimbo la Massachusetts, una mita 1,064. Mount Washington, katika jimbo la New Hampshire, una mita 1,917. Barabara za gari hufika juu ya yote miwili. Kati ya vilele vyake pana kilomita 236 hivi.

Swali la kwanza ni hili: je, mviringo wa dunia hauwafichi wenyeji wa milima hiyo wasionane? Hesabu yake ni nyepesi. Tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa mlima kwa mita, ukizidishe kwa 4 na kidogo, utapata kilomita ambazo mawimbi haya hufikia mpaka ukingo wa dunia. Greylock wapata kilomita 134 hivi, Washington kilomita 180 hivi. Jumla yapita 300. Basi mviringo wa dunia hauzuii.

Swali la pili ni la nguvu. Tuseme kila mlima una mtu mwenye parabola ya sentimita 60, kama zile tuzionazo juu ya mapaa ya mjini, na chombo chema cha kupokea. Mmoja achukue wati moja, aigawanye sehemu elfu, arushe sehemu moja tu, kwa megahezi 10,368. Kama njia ingekuwa wazi kabisa, sauti ingefika upande wa pili ikiupita mvumo wa chombo chenyewe zaidi ya mara 10,000. Hapana uchawi hapo. Parabola huikusanya nguvu na kuielekeza upande mmoja, kama kioo kilicho ndani ya taa ya gari. Ile ya kurusha yaikuza zaidi ya mara 2,000, na ile ya kupokea yaikuza vivyo hivyo.

Lakini mara 10,000 hizo ni akiba, nayo akiba hailiwi ovyo. Njia nyingi za kweli si wazi. Kilima kinachochungulia katikati kitachukua sehemu kubwa. Miti yenye majani mabichi itachukua yake. Waya usiofaa utachukua, na parabola iliyoelekezwa kando kidogo itachukua tena. Mama wa nyumba ajua jambo hili kuliko mwanahesabu: fedha za mwezi haziishi kwa ununuzi mmoja mkubwa, huisha kwa franka ndogondogo zinazotoka kila siku pasipo kuandikwa. Kazi yote ya kutengeneza kituo ni kulinda akiba hiyo, ili mlima ukidai sehemu yake, kibaki cha kuulipa.

Masanduku na vilivyomo

Anayeanza hudhani atahitaji redio sita kwa mikanda sita. Sivyo. Hutumia redio moja ndogo ya megahezi 144, na kwa kila mkanda kisanduku cha kugeuza, kiitwacho transveta. Ndani ya transveta ya sentimita 3 hutengenezwa wimbi la megahezi 10,224. Jumlisha na 144 za redio ndogo, wapata 10,368, nayo huenda hewani. Wakati wa kupokea hesabu hugeuzwa: 10,368 ukiondoa 10,224 zabaki 144, na redio ndogo husikia sauti ya mbali kana kwamba imetoka kwa jirani.

Kwa hiyo kituo chote chagawanyika sehemu mbili. Iko sehemu ya shirika, inayotumiwa na mikanda yote: redio ndogo, batri, saa ya kupimia masafa, na kisanduku cha kuchagua mkanda. Na iko sehemu ya kila mkanda peke yake: transveta, kikuza cha kupokea, kikuza cha kurusha, na swichi ya antena. Fundi mwenye busara huupa kila mkanda kisanduku chake, chenye soketi za namna moja zilizopangwa mahali pamoja, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Mkanda mmoja ukiharibika, hukichomoa kisanduku chake, na vingine huendelea na kazi. Aliyefunga vyote katika sanduku moja kwa kupenda urembo, huenda akashuka mlimani na mzigo mzima kwa ajili ya uzi mmoja uliokatika.

Ziko hatari tatu ambazo zimewagharimu wengi.

Ya kwanza ni wingi wa nguvu. Redio ndogo ya FT-817, ya kampuni ya Yaesu, iliyopendwa na wengi kwa wepesi wake, hutoa wati 5. Transveta nyingi zavumilia sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo. Redio yaweza kupunguzwa mpaka nusu wati, lakini kidole chaweza kusahau, na mara moja yatosha kuunguza. Basi huwekwa kati yake na transveta kipunguza-nguvu kisichoondolewa kamwe.

Ya pili ni zamu. Kupokea na kurusha hutumia antena moja. Nguvu ya kurusha ikitoka kabla swichi haijageuka, huingia katika kikuza cha kupokea, ambacho kimetengenezwa kusikiliza minong'ono tu, na kukiua. Kwa hiyo huwekwa chombo cha kupanga zamu: kwanza swichi ya antena igeuke, ndipo kikuza cha kurusha kiwashwe, mwisho sauti itoke. Wakati wa kurudi kupokea, mpango hugeuzwa. Yote hayo hutimia katika sehemu ndogo ya sekunde, lakini kila kimoja kwa zamu yake.

Ya tatu ni waya. Kwa mawimbi ya sentimita 3, mita moja tu ya waya mwembamba wa kawaida yaweza kula nusu ya nguvu yote. Wengine hutengeneza vikuza kwa uangalifu mkubwa, kisha huviweka chini ya meza na kupandisha waya wa mita tatu mpaka kwenye parabola, wakapoteza walichokitengeneza. Transveta na vikuza vyake vyapaswa kukaa nyuma ya parabola penyewe. Waya mrefu uchukue zile megahezi 144, ambazo hazipungui sana njiani.

Batri nayo huhesabiwa kabla ya safari. Tuseme kituo chala wati 15 wakati wa kusikiliza na wati 50 wakati wa kurusha, na mtu arusha robo ya wakati. Kwa wastani yafika wati 24 hivi. Siku ya kazi ya saa 8 yataka basi karibu wati 190 za saa. Batri ya volti 12 yenye ampea 20 za saa ina 240. Itatosha, nayo itabakiza kidogo. Asiyefanya hesabu hii nyumbani ataifanya mlimani, jioni, redio ikiwa imezimika.

Saa iliyo sawa

Sasa twafika penye ugumu unaowashinda wengi. Katika transveta za namna ya zamani, wimbi la megahezi 10,224 hutokana na kipande cha kioo cha kwatsi kinachotetemeka kwa megahezi 106 na nusu, kikazidishwa mara 96. Angalieni neno hilo, kuzidishwa. Kosa nalo huzidishwa mara 96. Kwatsi ikipotoka kwa hezi 100 tu, juu hewani mtu amepotoka kwa hezi 9,600. Na sauti ya mtu katika redio ya namna hii huchukua nafasi ya hezi 3,000 tu au pungufu. Maana yake, mwenzako aita kwa bidii, parabola yake imekuelekea barabara, nawe wasikiliza mlango wa tatu, husikii kitu, wadhani mlima umewazibia. Kwatsi hupotoka kwa kuwa baridi ya mlimani si joto la nyumba ambamo ilipimwa.

Dawa zipo. Wengine huiweka kwatsi katika kisanduku kinachopashwa moto daima, ili baridi ya nje isiifikie. Wengine hununua saa za rubidi zilizokwisha kutumika katika mitambo ya simu. Wengine huirekebisha saa yao kwa ishara za setilaiti zile zile zinazoonyesha njia kwa madereva. Kwa njia hiyo kosa hushuka mpaka sehemu moja katika elfu milioni, yaani hezi 10 kwa megahezi 10,368, kosa ambalo sikio halisumbuki nalo. Faida kubwa ni kwamba saa moja yaweza kuongoza transveta zote. Ikiwa sawa, mikanda yote i sawa. Ikikosa, yote hukosa pamoja. Kwa hiyo ukifika kileleni, washa saa kwanza, ipate joto wakati unaposimamisha miguu ya parabola.

Parabola na dira

Parabola nyingi za nyumbani hazitazami mahali ambapo uso wao waonekana kutazama. Pembe ya kupokelea imewekwa upande wa chini, na kwa sababu hiyo parabola hutazama juu kuliko uso wake kwa digrii 20 na zaidi. Anayeitumia mlimani ataka itazame ukingo wa dunia, si mbinguni kwenye setilaiti. Lazima aiinamishe mpaka ionekane kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha chini. Wasiojua huiweka wima, wakapeleka sauti yao mawinguni.

Upande wa kuelekea ndio mtihani mkubwa. Kwa sentimita 3, parabola ya sentimita 60 hurusha mshale mwembamba wa digrii 3 na nusu tu. Na dira, je? Sindano ya dira haionyeshi kaskazini ya kweli kila mahali. Katika Massachusetts yakosea kwa digrii 14 hivi kuelekea magharibi, yaani upana wa mishale minne ikiwekwa bega kwa bega. Tena chuma cha gari lililo karibu huivuta sindano kama sumaku. Kwa hiyo wenye ujuzi huisahihisha dira kwa hesabu, husimama mbali na gari, kisha huyathibitisha yote kwa jua. Mahali pa jua kwa kila dakika pajulikana, na parabola ikielekezwa kwake, mvumo huongezeka katika redio. Jua ni shahidi asiyevutwa na chuma.

Miguu ya kuishikilia nayo iwe imara. Juu ya Mount Washington, tarehe 12 Aprili 1934, upepo ulipimwa kuwa na mwendo wa kilomita 372 kwa saa. Hakuna atakayesimamisha parabola katika tufani kama hiyo, lakini upepo wa kawaida watosha kuisogeza digrii mbili pasipo mtu kuona. Ndoo ya mawe iliyoning'inizwa chini ya miguu hiyo ni dawa isiyo na gharama.

Kupanda ngazi

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mikanda mingi, ikiwa mmoja una taabu kiasi hiki? Jibu ni kwamba mikanda yasaidiana. Parabola ile ile ya sentimita 60 hutoa mshale wa digrii 27 kwa megahezi 1,296; digrii 15 kwa 2,304; digrii 10 kwa 3,456; digrii 6 kwa 5,760; digrii 3 na nusu kwa 10,368; na digrii moja na nusu tu kwa 24,192. Mkanda wa chini ni kama taa ya kibatari inayoangaza chumba kizima kwa mwanga hafifu. Ule wa juu ni kama mwanga upitao katika tundu la ufunguo.

Basi watu wawili hupatana kwanza kwa sauti ya kawaida ya megahezi 144. Kisha hujaribu 1,296, ambapo kupotoka kwa digrii chache hakuwadhuru. Wakisikilizana, mmoja husogeza parabola polepole mpaka sauti ifike juu kabisa, na kuandika digrii aliyoipata. Ndipo wapanda mkanda wa pili, na wa tatu, kila mara wakiukaza mshale. Wafikapo juu, upande wauona tayari. Kituo chenye mkanda wa juu peke yake ni kama ngazi yenye kidato cha mwisho tu.

Mkanda wa juu una desturi zake. Karibu na gigahezi 22 mvuke wa maji ulio hewani hula mawimbi, nao mkanda wa 24 uko jirani. Siku ya fukuto hauendi mbali; siku ya ukavu na ubaridi hufunguka. Mkanda wa sentimita 3 nao hupata msaada kwa mvua yenyewe: watu wawili wasioonana huelekeza parabola zao kwenye wingu moja la mvua kubwa, na matone huitawanya sauti, ikafika ikiwa na ukwaruzo kama ya mtu mwenye mafua. Juu ya bahari, tabaka za hewa yenye joto na baridi hufanya mfereji wa kuyachukua mawimbi. Kwa njia hiyo, Julai 1991, kituo cha mtelemko wa Mauna Loa katika Hawaii kilisikilizana na California kwa mikanda ya 3,456 na 5,760, umbali wa karibu kilomita 4,000.

Shirika la wapenda redio wa Marekani, liitwalo ARRL, hufanya kila mwaka shindano la gigahezi 10 na zaidi, mwisho wa juma mmoja katika Agosti na mmoja katika Septemba. Kila kilomita ni alama moja, na kila mwenzi mpya katika kila mkanda huongeza alama 100. Shindano hilo huwatoa watu nyumbani na kuwapandisha milimani, nalo huwalazimisha kupatana. Kwa kuwa katika mawimbi haya hakuna anayeshinda peke yake: mwenye chombo kizuri kuliko vyote hana la kufanya ikiwa hakuna mwingine aliyeuelekea mlima wake.

Mkanda uliotwaliwa

Iko sababu nyingine ya kupanda mlima, nayo ni nzito zaidi. Katika sehemu nyingi za mawimbi haya, wapenda redio ni wapangaji, si wenye nyumba. Mawimbi yale yale yatakiwa na makampuni ya simu, nayo yana fedha. Mwaka 2020 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliamua kuwaondoa wapenda redio katika mkanda wa sentimita 9. Sehemu ya megahezi 3,450 mpaka 3,500 ilinadiwa kwa ajili ya simu, nao walitakiwa kunyamaza humo kabla ya tarehe 14 Aprili 2022. Ile 3,456, ambayo walikutana kwayo kwa miaka mingi, ilikuwa ndani ya sehemu hiyo. Ya chini waliachiwa kwa muda tu. Waliotaka kuendelea ilibidi kuhama mpaka karibu na 3,400, yaani kubadili wimbi la ndani la transveta zao.

Aliyekuwa na visanduku mbalimbali alikifungua kimoja, akakirekebisha, akakirudisha mahali pake. Aliyekuwa amevifunga vyote pamoja alipata taabu. Tena wote walijifunza kwamba shamba lisilolimwa halina mtetezi. Hatuwezi kusema kwamba kuutumia sana mkanda kungaliuokoa mbele ya mali nyingi kiasi hicho. Lakini mkanda usiosikiwa sauti ndani yake, nani atasimama kuutetea?

Maneno kwa wanafunzi

Katika nchi yetu pia hewa ya redio ina sheria zake. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mamlaka iitwayo ARPTC ndiyo yenye kuzisimamia simu na mawimbi. Mtu asirushe sauti pasipo ruhusa: katika nchi iliyoteseka kwa vita, chombo kisichojulikana juu ya kilima chaweza kumletea kijana mashaka makubwa, yeye na jamaa yake.

Tena mlima wenyewe una hatari. Wataalamu waliohesabu radi kwa setilaiti, wakatoa matokeo mwaka 2016, waliona kwamba Kabare, katika Kivu, ndiyo mahali pa kwanza katika Afrika yote kwa wingi wa radi. Ukisikia ngurumo, mwenye redio ateremke. Asingoje kumaliza neno lake. Na yeyote asiweke jicho lake mbele ya pembe ya antena inayorusha, kwa kuwa mawimbi haya hupasha moto, na jicho halina njia nzuri ya kujipoza.

Lakini kuhesabu hakutaki ruhusa ya mtu. Gawanyeni 300 kwa megahezi, mtapata urefu wa wimbi kwa mita. Chukueni ramani, mchague vilima viwili mnavyovijua, mtafute urefu wake na umbali wake, mpige ile hesabu ya mviringo wa dunia, kisha mchore kila kilima kilicho katikati. Mtajua kama mtu wa kilima cha kwanza angeweza kumsikia mtu wa kilima cha pili kwa nguvu ndogo kuliko ya tochi. Walimu wa hesabu waweza kuifanya kazi hii darasani kwa saa moja. Mwanafunzi atakayekosea kipimo cha kilima kimoja ataona mwenyewe jinsi jibu lote linavyopinduka. Siku atakapopewa chombo mkononi, atakuwa amekwisha kujifunza nusu ya kazi.